Kigiriki cha Chediel

Hana hakuwahi kumwonea mtu kinyaa mpaka siku ile ya Shelui. Hasira aliijua, hofu aliijua, na wivu alikuwa nao wa kutosha, kama binti yeyote aliyezaliwa wa pili. Lakini kinyaa, kile cha kumtazama mtu uliyempenda ukahisi mate yanakujaa mdomoni kana kwamba umemeza nzi, hicho hakukijua. Kilimjia mchana kweupe, katika ua wa mama yake, na kilimjia kwa lugha ya Kigiriki.

Wakati huo alikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha theolojia kilichokuwa nje kidogo ya Misigiri, juu kabla barabara haijaanza kuteremka mlima wa Sekenke. Baba yake alikuwa mwinjilisti, na alipofariki Hana aliamua kwamba kazi ile isife naye. Mama hakupinga. Alichosema ni kwamba kama ni kusoma, basi asome hasa, asije akarudi na joho tupu.

Kigiriki cha kale ndicho kilichowatisha wanafunzi wote. Wengi walikariri herufi, wakakariri majedwali, wakafaulu kwa shida na kukisahau kabla wino wa mtihani haujakauka. Hana alikipenda. Mwalimu wao, Mchungaji Zefania, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata mwezi wa kumi, alikifundisha kwa kukilinganisha na Kiswahili. Aliwaambia kwamba wao wana bahati. Wazungu wakijifunza Kigiriki wanashangaa neno moja linawezaje kubeba mtu, wakati na tendo kwa pamoja, ilhali wanafunzi wake walisema "nimefungua" tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Tofauti, alisema, ni kwamba Kiswahili kinamtanguliza mtenda, Kigiriki kinamburuta nyuma kama mkia. Hana alitembea na maneno hayo. Akipepeta mchele, akifua, akisubiri zamu ya bomba, midomo yake ilikuwa ikinyambua kitenzi cha kufungua: nafungua, unafungua, anafungua, na mikia yao yote.

Aliyekuwa akishindana naye darasani ni Chediel, kijana wa Ikungi, mrefu, mwenye sauti nzito iliyotulia. Chediel alisoma Kigiriki kwa namna ambayo hata wapishi wa chuo walisimama dirishani kusikiliza. Walianza kwa kusahihishana mazoezi, wakaendelea kwa kusoma pamoja chini ya taa ya maktaba, na kabla ya mwaka wa pili kuisha washenga walikwisha kwenda Shelui na kurudi na jibu zuri. Chediel akawa anamwita Hana "mama mchungaji", naye Hana akiona aibu na kufurahi.

Kuna somo moja la Mwalimu Zefania ambalo darasa zima lililikumbuka. Siku hiyo aliwaonya juu ya kosa ambalo wahubiri wengi hulipenda, la kulipasua neno vipande vipande kisha kudai kwamba maana yake imo kwenye vipande. Akaandika ubaoni neno la Kigiriki la kuvumilia, hupomeno. Hupo ni chini, meno ni nakaa. Wanafunzi wakacheka kwa sababu ya meno. Akasubiri wanyamaze, akaeleza kwamba Mgiriki akilisema neno lile hakuwa akifikiria kukaa chini ya kitu chochote. Alifikiria kusimama imara, hata askari aliyekataa kukimbia vitani alisemwa hivyo. "Atakayekwenda kanisani na kuwaambia watu kwamba kuvumilia maana yake ni kukaa chini ya mguu wa mtu," alisema, "huyo awaambie pia kwamba mwanafunzi ni mwana wa funza." Chediel alicheka mpaka akafuta machozi. Kwa wiki nzima aliwasalimu wenzake, "Habari zenu, wana wa funza."

Kwa hiyo Chediel alijua. Hilo ni la kushika katika habari hii, kwamba alijua.

Likizo ya mwezi wa sita ilipofika, walipanda gari dogo aina ya Noah kutoka Misigiri wakashuka Shelui kwa mama yake Hana, kumsalimu na kuzungumza juu ya harusi. Ulikuwa msimu wa alizeti. Mji mzima ulinuka mashudu, ule unene wa harufu ya mbegu zilizokamuliwa unaokaa kwenye nguo na kwenye nywele. Malori yalikuwa yamejipanga kandokando ya barabara, na mashine za kukamua zilinguruma.

Mama aliwapokea vizuri, lakini macho yake yalikuwa yakikimbia. Hana alipokwenda jikoni kutafuta maji ya kunywa, alimkuta dada yake Agripina amekaa kwenye kigoda, amejifunga khanga hadi shingoni katika joto lile. Akamwamkia, Agripina akaitikia bila kugeuza shingo. Hapo Hana akaifunua khanga.

Mumewe Agripina aliitwa Mathayo. Alikuwa na mashine ya kukamua alizeti pale pale mjini, na safari hii alikuwa amempiga mkewe kwa mkanda wa mashine. Mkanda ule mpana wa mpira uliacha mistari kutoka bega la kushoto hadi nyuma ya sikio, na pale ngozi ilipopasuka grisi nyeusi iliingia ndani ya nyama. Kidonda kilikuwa kimeanza kutunga usaha. Kilinuka kitu kilicho katikati ya gereji na bucha. Hana alichemsha maji, akatia chumvi, akamwosha dada yake kwa kitambaa safi, taratibu. Agripina hakulia. Alisema tu kwamba amekuja na mtoto wake mdogo, kwamba hii si mara ya kwanza, na kwamba mchana huo wazee wa kanisa watakuja na Mathayo ili arudishwe.

Hana akaenda kumweleza Chediel, naye akasikitika, akatikisa kichwa, akasema ni unyama. Hana akafarijika. Akamweleza na mengine, jinsi Mathayo alivyokuwa mzee wa kanisa, jinsi alivyopaua nyumba ya mchungaji, na kwamba mchungaji wa pale anastaafu mwakani na hakuna atakayepelekwa Shelui bila Mathayo kuitikia. Alimweleza ili ajue uzito wa kikao. Baadaye alikuja kujiuliza ni katika sentensi ipi, kati ya hizo, Chediel aliacha kumsikiliza dada na kuanza kuisikiliza nyumba ya mchungaji.

Wazee walifika jua likiwa utosini. Aliyewaongoza ni Mzee Alute, mwenyekiti wao, na nyuma yake Mathayo aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alimwamkia mama mkwe kwa adabu zote. Alinuka mashudu na sabuni. Mama aliwaandalia chakula kwanza, kwa kuwa ndivyo ilivyo, na aliyempika kuku ni Agripina mwenyewe, kwa mkono mmoja. Wanaume walikaa kwenye viti chini ya paa la baraza. Hana na mama walikaa mkekani karibu na mlango.

Mzee Alute aliposikia kwamba mchumba wa Hana anasoma lugha waliyoandikia mitume, alifurahi kweli, akamtaka akae katikati yao. Chediel aliingia ndani, akatoka amevaa koti. Wakala. Mathayo akaitafuta firigisi katika bakuli, akamwekea Chediel kwenye sahani kwa vidole vyake mwenyewe. Chediel akashukuru, akaitafuna polepole. Hana alimtazama akiitafuna na hakuelewa ni kwa nini anashindwa kuangalia pembeni.

Kabla hawajanawa, Mzee Alute akaanza. Alisema maneno mengi ya busara juu ya ndoa na shetani, halafu akamgeukia mgeni. Alisema wao ni wakulima, wanasoma kilichotafsiriwa, lakini leo wamebahatika kuwa na kijana anayeyanywa maji kwenye chemchemi yenyewe. Je, lugha ya mitume inasema nini kwa mwanamke aliyeiacha nyumba yake?

Chediel alitoa kwenye mkoba lile Agano Jipya la Kigiriki lenye jalada jekundu, ambalo pale chuoni hawakuruhusiwa kulishika bila kunawa. Akalifungua kwa vidole vyenye mafuta ya kuku. Akasimama, akasoma.

Sauti ilikuwa ile ile nzuri. Mzee mmoja alivua kofia. Mama aliinamisha kichwa, na machozi yakamtoka, maskini, kwa kusikia lugha ambayo mumewe aliitamani maisha yake yote na hakuipata. Hana naye aliinamisha kichwa, kwa mazoea, maneno yakaanza kumwingia moja moja. Akainua uso. Chediel hakuwa akisoma habari za ndoa. Hakuwa akisoma habari za uvumilivu. Alikuwa akisoma salamu za mwisho wa barua, zile ambazo darasa zima lilizikariri mwaka wa kwanza kwa sababu ni rahisi: msalimuni fulani, msalimuni na fulani, na wale walio nyumbani mwake. Alizisoma kwa uchungu mkubwa, akipandisha na kushusha, na mahali pa jina la mtu akakunja ngumi.

Halafu akafunga kitabu, akaeleza. Alisema neno la Kigiriki la kuvumilia ni hupomeno. Hupo ni chini, alisema, na meno ni kukaa. Mitume hawakusema mwanamke avumilie akitaka. Walisema akae chini. Akae chini ya kichwa alichopewa, hata kichwa hicho kikiwa kizito, na asitoke hapo mpaka Mungu mwenyewe amwinue. Mdomo wake uling'aa mafuta. Wazee waliguna kwa kuridhika. Mathayo alifumba macho kama mtu anayesali.

Na hapo Chediel akamtazama Hana, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo la pembeni, la watu wawili wanaojua jambo, lile lile alilompa darasani walipokuwa wamepata jibu kabla ya wengine. Hana alihisi mate ya chumvi yakimjaa chini ya ulimi. Kule kudanganya kulimchukiza, lakini kilichomtapisha moyo ni tabasamu, kwa sababu lilimweka na yeye mezani, likampa mkono wenye mafuta na kumwambia ale.

Alisimama. Katika ua ule mwanamke hasimami wazee wakizungumza, na mama alimvuta upindo wa khanga, lakini alikwisha simama. Alisema kwa sauti ambayo haikuwa kubwa kwamba anaomba radhi kwa wazee wake, ila alichosomewa mama yake ni salamu za barua, na kwamba neno lile halina maana hiyo, na anayesema anajua kwamba halina.

Chediel hakushtuka. Alicheka kwa upole, akawaambia wazee kwamba Hana ana uchungu wa dada yake na mtu mwenye uchungu asihesabiwe. Mzee Alute akasema mambo ya lugha watayamaliza chuoni kwao. Hapa ni mambo ya nyumba.

Agripina alikuwa ametoka jikoni na jagi na beseni, kuwanawisha. Alianza kwa Mzee Alute, akamwagia maji taratibu. Akaja kwa Mathayo, akamwagia. Alipofika kwa Chediel akasimama, jagi mkononi.

"Shemeji," alisema, "hata kama hilo neno lingesema hivyo, mimi sirudi."

Akaweka jagi chini bila kumnawisha, akaingia ndani, wakasikia komeo.

Mathayo alinyanyuka, akakaa tena, akanyanyuka. Mzee Alute alisema watarudi siku nyingine, hasira zikipoa. Chediel alijifuta vidole kwa leso.

Chediel alipoaga, Hana alimsindikiza mpaka barabarani, kwa kuwa mama alimwamuru. Walisimama karibu na lori lililokuwa likipakia magunia ya mashudu, vumbi lenye mafuta likiwaangukia. Chediel ndiye aliyeanza, akasema Hana amemdhalilisha mbele ya wazee.

"Ulikuwa unawasomea salamu," Hana alisema.

"Nani angejua?"

"Mimi."

"Wewe ni wangu," alisema Chediel, na alisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha kukubaliwa. "Sikudhani utasema."

Kisha akaeleza kwa uvumilivu. Wale wazee walikuja wakitaka kusikia kitu, naye akawapa. Mathayo angemchukua mkewe hata bila Kigiriki. Lakini sasa Shelui wangewaita, yeye na Hana, wangekaa hapa karibu na mama, na wakishakaa hapa ndipo wangemsaidia dada vizuri. Kama lugha waliyoisoma kwa jasho haiwafungulii mlango wowote, ni ya nini? Alipomaliza akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa bado kinateleza.

Hana aliuvuta mkono wake. Akamwambia asikanyage tena kwao, na washenga watarudi kwa njia waliyojia. Akageuka, na alipofika nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli alitapika. Halafu akajifuta mkono kwa mchanga, mbele na nyuma, mpaka ngozi ikamwasha.

Watu hawakuwa upande wake. Mama hakuzungumza naye vizuri mpaka likizo inaisha, kwa kuwa ndani ya siku moja alikuwa amepoteza wakwe wawili. Mjini walisema usomi umemharibu yule binti wa mwinjilisti. Kitu kimoja tu kilichompa nafuu ni kwamba Agripina hakurudi. Wazee walikuja tena, wakamkuta amekwenda kumenya vitunguu kwenye kibanda cha mama mmoja anayewapikia madereva wa malori, na hakuacha kazi kuja kuwasikiliza.

Chuo kilipofunguliwa, Hana alidhani ugonjwa wake utakwisha. Ulizidi. Ratiba iliwaweka yeye na Chediel katika darasa moja la kusoma matini, na kila sauti ile ilipoanza kupanda na kushuka, alijikuta anajifuta mkono kwa sketi. Herufi zilimchafukia. Zile alama ndogo juu ya maneno, alizozipenda zamani, sasa alizitazama kama inzi juu ya nyama. Akienda maktaba, alifungua kitabu, akakifunga. Wenzake walidhani analilia uchumba uliovunjika, nao wakamhurumia kwa namna iliyomkera zaidi.

Mwishoni alikwenda kwa Mwalimu Zefania. Alimwamkia, akaketi, akamweleza habari nzima, pamoja na salamu na kile kidonda chenye grisi. Alitegemea mzee yule atakasirika. Alitegemea hata kwamba atavua miwani. Mwalimu Zefania alisikiliza mpaka mwisho, akavuta sweta lake, akasema ni jambo baya, baya sana. Kisha akasema kwamba Chediel ni kijana mwenye kipaji, kwamba chuo hakijapata msomaji kama yeye kwa miaka mingi, na kwamba wahubiri wote, ukiwachunguza, huchomeka Kigiriki kidogo mahali pasipo pake, watu wanakipenda. Asimharibie mwenzake njia kwa jambo la kifamilia.

"Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ni kosa," Hana alisema.

"Nami sijalifuta, mwanangu," alijibu mzee. "Kwenye mtihani nitalisahihisha."

Hana alitoka, akasimama uani karibu na bomba. Alikuwa amedhani kinyaa chake ni cha mtu mmoja. Sasa kilikuwa kimeenea kama mafuta kwenye maji, kimefika ofisini, kimefika ubaoni, kimefika mpaka kwenye yale mazoezi aliyoyaandika kwa mwandiko mzuri. Alifikiria kuacha chuo. Akamfikiria dada yake aliyeliweka jagi chini. Agripina hakuhitaji kujua Kigiriki kimesema nini, na wala hakumshukuru Hana kwa kukisema. Neno zima, lenye vipande na lisilo na vipande, halikuwa na kazi mbele ya kidonda kile. Hilo nalo lilimuuma Hana, kwa kuwa aliposimama mbele ya wazee aliamini kabisa kwamba akisema maana sahihi, kitu kitabadilika.

Hakuacha. Alimaliza kwa ukaidi, bila mapenzi, kama mtu anayemeza dawa. Chediel aliongoza darasa katika Kigiriki, na Hana akamfuata. Siku ya mahafali Chediel alisoma somo mbele ya wageni, na wageni wakatokwa machozi. Baadaye alipita akiwapa mikono wahitimu wenzake kwenye mstari. Alipofika kwa Hana alinyoosha mkono, kwa tabasamu la kusahau yaliyopita. Hana alikunja mikono yake ndani ya joho. Mama yake, aliyekuwa ametoka Shelui asubuhi ile, aliona, na kwa mara ya kwanza hakumkemea.

Chediel alipelekwa Shelui, kama alivyotaka. Wanampenda. Mathayo ameoa mwingine, na Mchungaji Chediel ndiye aliyewabariki.

Hana alipelekwa mbali, Kintinku, kuwa mchungaji wa usharika wa wakulima na wafugaji. Agripina humpelekea vitunguu kwa basi. Mara kwa mara mzee mmoja wa kanisa humwomba mchungaji awasomee Kigiriki kidogo ibadani, kama wanavyosikia wachungaji wa kwingine wakifanya. Hana hukataa. Huwasomea kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kiswahili, wakati mwingine kwa Kigogo kibovu anachojifunza kwao. Watu wamekwisha kuamua kwamba mchungaji wao hakukipata Kigiriki chuoni. Wanamsitiri, hawamwulizi tena. Naye amewaacha waamini hivyo. Asubuhi, kabla mji haujaamka, hukifungua kitabu chake cha Kigiriki na kusoma peke yake, bila sauti. Kuna siku husoma ukurasa mzima na kufurahi. Kuna siku husoma mistari michache, ladha ile ya mafuta ya kuku ikamrudia kooni, akakifunga na kwenda kunawa mikono.